Kipupwe Kimefika: Kwa Nini Tujifungie Ndani?



Mwezi wa Juni unapoingia, huku kwetu kwenye milima ya Umatengo milango hufungwa mapema kuliko kuku wanavyoingia bandani. Ukungu hushuka, upepo wa kusi huvuma, na katika vijiji vya juu usiku wa Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Wenzetu wa Njombe na Makete asubuhi nyingine hukuta hata jalidi nyeupe juu ya majani. Basi kila mtu huvuta kigoda karibu na moto, dirisha huzibwa kwa gunia, na kuanzia hapo mpaka Agosti wazee, akina mama wenye watoto wachanga na watu wenye maradhi ya siku nyingi hawaonekani tena nje, isipokuwa kwa shida ya lazima.

Safari hii sitaki kurudia yale ya kila mwaka juu ya sweta na soksi. Nataka kusema jambo ambalo huenda baadhi yenu hamtalipenda. Kwa jinsi nilivyoona katika miaka yangu ya kuhudumia wagonjwa milimani, kipupwe huumiza watu kidogo kwa baridi yake, na huwaumiza sana kwa sababu ya namna tunavyoikimbia baridi hiyo.

Julai moja, miaka kadhaa iliyopita, kabla hakujapambazuka, tuliletewa baba, mama na watoto wao wawili juu ya mkokoteni. Walikuwa wamelala chumba kimoja na jiko la mkaa, mlango umefungwa, dirisha limezibwa, na chini ya mlango wamesukuma kanga isipite hata pumzi ya upepo. Watatu walipona. Mtoto mdogo, wa miaka miwili, alikuwa amekwisha fariki kabla hawajafika kwetu. Msibani nilisikia watu wazima wakisema, “Baridi ya mwaka huu imeua.” Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu mwezi wa Mei mwaka ule ule, siku ya kliniki, mimi mwenyewe nilikuwa nimewaambia akina mama kwamba watoto walale pahali penye joto. Juu ya jiko sikusema neno hata moja. Mama yule alikuwa kwenye benchi akinisikiliza.

Ndiyo maana sasa nasema kila ninapopata nafasi. Mkaa unaowaka penye hewa haba hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haikereketi kooni kama moshi, hivyo mtu hawezi kuitambua kwa pua. Inapoingia mwilini hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu hubaki imejaa kitu kisichofaa huku ubongo na moyo vikikosa hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Na aliyelala hazisikii dalili hizo. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango, mtoe nje penye hewa safi mara moja, kisha mkimbize hospitali apewe oksijeni. Maziwa hayamsaidii. Tena usidanganyike kwamba mkaa ukishashika vizuri na kuwa mwekundu bila moshi hauna sumu. Huo mwekundu ndio uliomuua yule mtoto.

Kuni nazo zina adhabu yao ya polepole. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa magonjwa yatokanayo na moshi wa kupikia na kuota moto majumbani, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Moshi hudhoofisha mapafu, na mapafu dhaifu ni shamba lililolimwa tayari kwa vijidudu vya nimonia. Hapo ndipo penye kosa letu kubwa. Tunasema nimonia inaletwa na baridi, kwa hiyo mtoto asitoke. Nimonia huletwa na vijidudu, na vijidudu hivyo hupita kutoka mtu hadi mtu kwa urahisi zaidi pale watu saba wanapobanana katika chumba kimoja chenye moshi na kuvuta hewa ile ile usiku kucha. Kifua kikuu kadhalika. Nje, hata kwenye ubaridi, upepo huvitawanya.

Sasa niulize: wazee wetu walifanya nini katika miezi hii? Hawakukaa ndani. Kipupwe ndiyo miezi ambayo mahindi yamekwisha kauka, maghala yana kitu, njia hazina tope na mvua haiharibu shughuli. Kwa sababu hiyo ilikuwa miezi ya kutembeleana, ya harusi, na zaidi ya yote ya ngoma. Kando ya Ziwa Nyasa na huku milimani mganda ulisafiri kutoka kijiji hadi kijiji. Wageni walikuja kwa miguu wakiwa na ngoma zao kubwa, wenyeji wakapika, na mchana mzima watu walishindana kwa kucheza.

Wengi wa vijana wetu wanaufahamu mganda kwa jina tu, au kwa kuuangalia kwenye simu wamelala chini ya blanketi, kwa hiyo niwaeleze kidogo. Ni jamaa ya beni, zile ngoma za kuiga bendi na gwaride zilizoanzia mwambao, Mombasa na Lamu, zikaenea Tanganyika, na ambazo askari na wapagazi walizisambaza bara wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 na baada yake. Huku ziwani zikazaa mganda, na ng'ambo ya pili, Malawi, ngoma ya namna hiyo huitwa malipenga. Wanaume hupanga safu, kaptula nyeupe, shati jeupe, soksi zimepandishwa, viatu vimeng'arishwa. Mikononi wana vibuyu vikavu wanavyoviimbia ndani, tundu la pembeni limezibwa kwa utando wa buibui ili sauti itetemeke kama tarumbeta. Mguu hunyanyuliwa, husimama hewani kidogo, hushuka; goti hukunjwa, kiuno huinama, safu yote hugeuka pamoja. Wanawake wana kioda yao, nayo ina safu na sare zake.

Mwaka 1956 mtaalamu mmoja, J. Clyde Mitchell, alitoa kitabu juu ya ngoma ya kalela, iliyochezwa na wafanyakazi wa migodi ya shaba kule Zambia ya leo, nayo ni ya ukoo huu huu wa beni. Humo anaeleza kwamba miongoni mwa wenye vyeo vya ngoma alikuwamo “daktari” aliyevaa kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu kifuani, na “nesi” wa kike aliyepita katikati ya wachezaji na kioo na leso, ili kila mmoja ajitazame kama bado yu nadhifu. Mimi kama mtu wa hospitali nilipojua habari hiyo nilicheka peke yangu. Watu wale walikuwa wamechoka kwa kazi ya mgodini, wako mbali na kwao, na katika mchezo wao wa Jumapili hawakusahau kumweka mtu wa kuwaangalia wenzake. Sisi tunaocheza kwetu, penye ndugu zetu, tumewaacha wazee ndani na moshi.

Jirani yangu mmoja, bibi wa miaka sabini na kitu, ndiye aliyenifanya niamini jambo hili kwa macho. Kila kipupwe alikuwa akijifungia jikoni tangu Juni. Ikifika Agosti magoti yamekakamaa, anatoka kwa kushika ukuta. Mwaka mmoja mjukuu wake aliyekuwa likizo alimwambia, “Bibi, Jumapili kuna mganda, twende.” Bibi akajibu, “Mjukuu wangu, baridi hii itaniua.” Yule binti, ambaye ana mdomo, akamjibu, “Bibi yangu, mbona hapo jikoni ndipo panapokuua?” Nilikuwapo, nilidhani atapigwa na mwiko. Bibi alicheka mpaka akakohoa, kisha akaomba shuka lake zito.

Walikwenda polepole, wakipumzika njiani mara tatu. Kule uwanjani bibi alikaa kwenye mkeka juani, na kioda ilipoanza hakukaa tena. Hakucheza sana, hatua kumi na tano hivi huku ameshikwa mkono, lakini majina ya nyimbo zote alikuwa nayo, na akina mama vijana walimzunguka awafundishe maneno waliyokuwa wakiyakosea. Tangu siku hiyo alitoka kila Jumapili baada ya Misa, na katikati ya juma alijizoeza kwenda kwa miguu mpaka kwa dada yake. Sitawadanganya: kikohozi chake cha miaka mingi hakikupona, maana mapafu yaliyokwisha haribiwa na moshi hayarudi kama yalivyokuwa. Lakini Agosti ile hakushika ukuta. Na aliniambia kwamba anapata usingizi.

Kitaalamu jambo hili halina miujiza. Goti lisilokunjwa hukakamaa, msuli usiotumika hupungua, na mzee ambaye misuli ya miguu imepungua huanguka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kila mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli inayomfanya apumue kwa kasi kidogo, na wazee waongeze mazoezi ya kulinda mizani ya mwili siku tatu kwa wiki. Kusimama kwa mguu mmoja, kugeuka, kupiga hatua kwa mdundo: mganda na kioda zina hayo yote, na hakuna mzee wetu atakayekubali kufanya “mazoezi” ukimwita kwa jina hilo. Mwite ngomani. Tena kuna ugonjwa wa upweke, ambao hatuna kipimo chake maabara. Mtu anayekaa miezi mitatu akiangalia moto huanza kujiona yeye ni mzigo. Wengi huja kwetu wakilalamika kwamba mwili wote unauma. Ukimwuliza mara ya mwisho alizungumza na nani asiye wa nyumbani kwake, anafikiri muda mrefu.

Najua pingamizi zenu, maana nimeshazisikia kwenye mikutano. Wako wanaosema ngoma ni ulevi na uasherati, afadhali zifutwe kabisa. Sikatai kwamba mambo hayo yapo. Ngoma ya usiku kucha yenye komoni na giza imetuletea mimba za wanafunzi, ugomvi wa visu, na virusi vya UKIMWI. Mimi ndiye ninayeshona majeraha hayo na kutoa majibu ya vipimo hivyo. Lakini mganda tangu zamani ni mashindano ya mchana. Ukianza saa saba na kwisha saa kumi na moja, jua lingalipo, watoto wapo na bibi wapo, nani atafanya ufisadi mbele ya bibi yake? Tunapoufukuza mganda wa mchana tunabaki na disko la usiku, halafu tunashangaa. Mimi naona wanaozipiga marufuku ngoma zote kwa pamoja hawajapata kukaa uwanjani wakatofautisha moja na nyingine.

Juu ya komoni niseme neno moja la afya. Watu wanainywa kwenye baridi “ili kupata joto”. Pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, ndipo unapojisikia moto. Lakini joto hilo ndilo linalokutoka. Mlevi aliyelala njiani usiku wa Julai yumo hatarini kuliko mtu aliye na baridi anayetembea huku akitetemeka. Uji wa moto wenye tangawizi utakufaa zaidi, na ni rahisi kwa mfuko.

Wala si lazima iwe ngoma. Kuna siku ukungu huondoka kwenye saa nne na anga kuwa safi kabisa. Siku kama hiyo chukua watoto, pandeni kilima kilicho karibu. Kwa wale wanaokaa upande wa magharibi, ukifika mahali ambapo barabara ya kwenda Mbamba Bay inaanza kuteremka, ziwa lote linaonekana chini, na milima ya ng'ambo. Wapo watoto wa Mbinga waliomaliza darasa la saba bila kuliona. Wenye jamaa kule chini wateremke kuwatembelea wazee siku mbili tatu, kwani kule ufukweni, kwenye mita kama 475 tu juu ya usawa wa bahari, joto ni tofauti kabisa na la huku, na lami siku hizi imefupisha safari. Ila mitumbwi muiogope: kusi la miezi hii huchafua ziwa ghafla, na kukaa ufukweni ukala samaki kunatosha. Wale wasio na nauli wana vilima vya nyasi kavu ambavyo watoto huteleza juu ya magome ya migomba, na vigari vyao vya miti. Waacheni. Suruali itachanika, naam, mshoneni kiraka. Mtoto aliyekimbia mchana kutwa hahitaji jiko ili apate usingizi.

Sasa tahadhari, maana sitaki mtu aseme ukurasa huu ulimponza. Mwenye pumu afunike pua na mdomo kwa skafu, maana hewa baridi hubana njia za pumzi, na dawa yake ya kuvuta aende nayo mfukoni wala asiiache nyumbani. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu asianze kupanda mlima alfajiri kabla mwili haujapata joto. Asubiri jua, aende taratibu, na maumivu ya kifua yakimjia asimame. Watoto wenye selimundu wawe waangalifu zaidi kuliko wote, kwa sababu baridi na upungufu wa maji mwilini huweza kuwaamshia maumivu makali. Wavae nguo nzito, wanywe maji mengi, na wasiloe. Kuhusu maji, sisi sote kipupwe hutusahaulisha kunywa kwa kuwa hatusikii kiu. Mchezaji aliyelowa jasho abadilishe fulana kabla hajakaa upeponi. Mtoto mchanga avae kofia na nguo mbili tatu nyepesi, moja juu ya nyingine, badala ya blanketi moja linalomziba uso.

Akina mama, jifunzeni kuhesabu pumzi. Mtoto anapokohoa, mhesabuni pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Kwa wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi. Wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi miaka 5, pumzi 40 au zaidi: huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, msingoje kesho. Kadhalika yule ambaye chini ya mbavu zake panabonyea ndani anapovuta pumzi, au asiyeweza kunyonya.

Na nyumbani, jiko la mkaa litolewe nje kabla ya kulala. Sisemi lisogezwe mlangoni. Nasema litolewe nje. Dirisha la chumba cha kulala liachwe wazi hata upana wa vidole vinne, na blanketi la pili linunuliwe kwa fedha za kahawa kabla ya redio mpya. Mtu akisema hana fedha za blanketi la pili, watoto walale pamoja kitanda kimoja, watapashana joto. Jikoni moshi uwe na pa kutokea.

Kwa wale wanaoandaa michezo ya Agosti hii nina ombi moja dogo. Mwaka jana viti vya wageni wa heshima viliwekwa kivulini, chini ya miti, na wazee wakawekwa hapo hapo kwa kuheshimiwa. Walitetemeka mchana mzima, na kufika saa tisa nusu yao wakaomba kurudishwa nyumbani. Wageni wa heshima wakae kivulini wakipenda. Mabenchi ya wazee yawekwe upande wa jua, penye kinga ya upepo, karibu na safu ya kioda, na awepo kijana mmoja mwenye birika la uji.